Kwa nini wanafunzi wetu wa utangazaji hukwama taa nyekundu ya hewani inapowaka?

#1 Mwalimu_wa_Tudor

Assalaam aleikum, wanajukwaa. Nafundisha utangazaji katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa, na kuna jambo ambalo limenishughulisha sana. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu huandika taarifa safi, wanazijua sheria za habari, na wakirekodi taarifa ya dakika tano husikika kama watu waliozoea kazi. Lakini nikiwaambia kwamba sasa tunakwenda hewani mubashara, na kwamba litakalotoka halirudi, wengi wao hukwama.

Chuo hakina masafa ya redio, kwa hiyo tuliunganisha studio na spika za mkahawa na za uani, ili kila neno lisikike papo hapo na watu ambao hawana sababu ya kumhurumia mtangazaji. Siku moja binti mmoja hodari alikuwa akiongoza kipindi cha mchana. Akamkaribisha mwenzake aliyepiga simu kutoka soko la Kongowea aeleze bei ya nazi na mihogo wakati wa Ramadhani. Mwenzake akasema, "Bei imepanda kwa sababu," na simu ikakatika hapo. Binti akatazama kioo, akatazama karatasi, akainua mkono kama anayeomba ruhusa darasani, kisha akausoma upya muhtasari wa kwanza kana kwamba kipindi ndiyo kwanza kinaanza. Uani kukawa kimya, halafu vicheko.

Dai langu ni kwamba mihadhara haiwezi kumwandaa mtu kwa dakika ile. Naona angalau nusu ya saa za kozi ziwe za matangazo mubashara, tangu mwaka wa kwanza. Wenzangu idarani wanashikilia kwamba nadharia itangulie. Nataka kusikia kutoka kwenu mliopitia kazi hii: kwa nini hukwama, na nyinyi mlijifunza vipi?

#2 FundiMitambo

Waaleikum salaam, mwalimu. Kabla ya kumtazama mwanafunzi, uliza anasikia nini masikioni. Mtu anayezungumza huku sauti yake mwenyewe ikimrudia kwa kuchelewa kidogo huanza kuburuta maneno, hurudia silabi na mwisho hunyamaza, hata awe msemaji hodari kiasi gani. Hali huwa mbaya zaidi ucheleweshaji ukikaribia sehemu ya tano ya sekunde. Ndiyo maana kituo kilichopangika humrudishia ripota sauti zote za studio isipokuwa yake mwenyewe. Hilo linahitaji mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, yenye njia zaidi ya moja ya kutolea sauti, na vyuo vingi hununua ile inayotosha harusi.

Sasa niambie, spika zako za uani ziko umbali gani kutoka dirisha la studio? Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Spika iliyo mita 60 kutoka hapo humrudishia msemaji sauti yake baada ya karibu sehemu ya tano ya sekunde, yaani palepale panapomvuruga mtu zaidi.

#3 Bint_Kizingo

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni ripota wa redio, na simpingi Fundi, lakini sauti inayorudi haielezi kwa nini vijana haohao hukwama hata ndani ya studio iliyofungwa vizuri. Naona chanzo ni lugha. Taarifa za polisi, za bandari na za kaunti hutufikia kwa Kiingereza. Mwanafunzi huandika madondoo yake kwa Kiingereza, hufikiri kwa Kiingereza, kisha hutakiwa azungumze Kiswahili papo hapo. Akirekodi, anapata nafasi ya kutafsiri kichwani na kurudia mara atakazo. Akiwa hewani nafasi hiyo haipo, na ule ukimya unaousikia ni wa mtu anayetafuta sentensi. Nami nikienda kwenye tukio huandika kwa Kiswahili tangu daftarini, hata kama msemaji anazungumza Kiingereza, na mkuu wangu wa kwanza alinilazimisha hivyo hadi ikawa mazoea.

#4 Mzee_wa_Makadara

Vijana, nawasoma kwa furaha. Nilikuwa mtoto katika miaka ya 1950, wakati redio ya Sauti ya Mvita inasikika mji huu, na nyumba yenye redio ilijaa majirani barazani. Wasemaji wa zama zile hawakuwa na anasa ya kurekodi mara kumi, kwa kuwa kunasa sauti kulikuwa kazi nzito na ya gharama, hivyo walizoea hewa kwa kulazimika. Hilo ndilo jibu langu. Aliyezoea kwamba anaweza kufuta, ataogopa siku asiyoweza kufuta. Kumfundisha mtu utangazaji kwa kurekodi tu ni kumfundisha kuogelea barazani.

Mkitaka mfano wa duniani, msikilizeni Herbert Morrison aliyekuwa akitangaza moja kwa moja ndege ya gesi ya Hindenburg ilipowaka moto huko Lakehurst, New Jersey, tarehe 6 Mei 1937. Mtu yule alilia hewani na bado akaendelea kueleza alichokiona. Hakuna darasa linaloweza kumpa mtu uwezo huo.

#5 Kaskazi

Shikamoo, mzee. Naomba kusahihisha jambo moja kwa heshima, kwa sababu linagusa hoja yenyewe. Morrison hakuwa mubashara siku ile. Alitumwa na kituo cha WLS cha Chicago pamoja na fundi wake wakarekodi kwenye sahani za sauti, na sauti ile ikatangazwa siku iliyofuata. Watu wengi huamini ilikuwa moja kwa moja kwa sababu inasikika hivyo.

Kwa hiyo mfano huo unaelekea upande wa pili. Morrison alitangaza kama mtu aliye hewani ingawa alikuwa anarekodi. Kilichomwezesha ni mazoea ya kueleza mfululizo bila kusimama, na mazoea hayo yanaweza kujengwa hata mbele ya kinasa sauti, mradi mwalimu akataze kurudia. Mwalimu wa Tudor hahitaji masafa wala spika za uani. Anahitaji amri moja: rekodi mara moja, na hiyo ndiyo itakayosahihishwa.

#6 Nahodha_Likoni

Mzee wetu leo amekutana na kaskazi, tena ya mwezi wa Januari. Mzee, usituache, endelea.

#7 Mzee_wa_Makadara

Marahaba, Kaskazi, na ahsante, kwa kweli sikulijua hilo. Lakini usinichukulie hoja yote kwa sahani moja ya sauti. Tazama kwetu nyumbani. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa aliyetutoka Februari 2025, alitangaza mpira kwa miaka mingi na akaendesha "Je, Huu Ni Ungwana?" tangu 1966. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimlazimisha atangaze katika Sauti ya Kenya, redio ya taifa, kwamba serikali imepinduliwa. Mtu anayesoma tangazo kama lile mbele ya bunduki bila sauti kumpotea amelelewa na hewa yenyewe. Sidhani kwamba kinasa sauti na amri ya mwalimu vingemfikisha hapo.

#8 Mwanafunzi_Changamwe

Shikamooni nyote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ingawa si wa chuo cha Mwalimu. Naomba niseme kwa niaba ya wanaokwama.

Kwanza, darasa zima linagawana studio moja, na zamu yako ikifika unajua kwamba hutaiona tena kwa muda mrefu. Ukiharibu, umeharibu nafasi yako ya muhula. Pili, mhadhiri hukaa upande wa pili wa kioo na karatasi ya alama mkononi. Kila unapoinua macho unamwona akiandika. Mimi sikwami kwa sababu ya wasikilizaji, kwa kuwa wasikilizaji siwaoni. Nakwama kwa sababu ya kalamu ile.

Tatu ni mafunzo ya nyanjani. Nilipelekwa katika kituo kimoja cha hapa pwani nikiwa na hamu kubwa, na kazi yangu ikawa kuleta chai, kupanga wageni kwenye viti na kuweka picha za kipindi katika ukurasa wa Facebook. Siku za mwisho mtangazaji mmoja aliniita ghafla, akanisogezea kipaza sauti na kuwaambia wasikilizaji kwamba leo mwanagenzi atasoma habari za michezo. Sikuwa nimeziona. Nilisoma, lakini nilichojifunza siku ile ni hofu. Naomba watu wanaosema "mtupeni majini" wakumbuke kwamba kuna tofauti kati ya kufunzwa na kudhalilishwa.

#9 Bint_Kizingo

Mdogo wangu, pole. Hilo la chai linajulikana katika vyumba vingi vya habari, na ni aibu yetu sote tulio ndani. Sababu mojawapo ni kwamba kituo hakitaki kuhatarisha leseni na wadhamini wake kwa mtu atakayeondoka baada ya miezi mitatu. Inaeleweka, lakini haikubaliki, kwa kuwa kituo hichohicho baadaye hulalamika kwamba vyuo vinaleta watu wasiojua kazi.

#10 Mwalimu_wa_Tudor

Nimewasoma wote kwa makini. Fundi, nilipima kwa hatua na spika kubwa ya uani haiko mbali na umbali uliousema, na madirisha yetu huwa wazi kwa sababu ya joto. Tulifunga dirisha na kumwelekeza mtangazaji asikilize kwa vifaa vya masikioni vinavyoziba vizuri. Wale waliokuwa wakigugumia wakisoma walitulia kwa kiasi kikubwa, na nakushukuru sana. Hata hivyo, binti wa Kongowea hakugugumia. Alikuwa anasoma vizuri kabisa hadi simu ilipokatika. Kwa hiyo kuna tatizo la pili ambalo dirisha halilifungi.

Mwanafunzi wa Changamwe, neno lako kuhusu kalamu limenifikia. Kuanzia sasa nitasahihisha kwa kusikiliza rekodi jioni, na wakati wa kipindi nitakaa uani na wasikilizaji wengine.

#11 Mama_Mhariri

Hamjambo. Nimehariri habari kwa miaka mingi na nitasema kile ambacho sijakiona hapa: mwanafunzi hukwama kwa sababu hana cha kusema. Hajui habari yenyewe. Anajua karatasi.

Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya Likoni na kuzama na mama na mwanawe, msako uliendelea karibu wiki mbili. Waandishi walisimama ufukweni kutwa, na studio ziliwaita kila saa wakati hakuna jipya la kusema. Niliwasikiliza wote. Waliofanya kazi nzuri walikuwa wanaijua Likoni: wanajua mkondo unavyobadilika maji yakijaa na yakitoka, wanajua kwa nini mpiga mbizi hawezi kushuka saa yoyote anayotaka, wanajua feri inavyofungwa mlango wake. Waliweza kuzungumza dakika tatu bila kubuni hata jambo moja. Wengine, ambao hawakuwa na akiba hiyo, walifanya moja kati ya mambo mawili: walirudia sentensi moja hadi ikawa haina maana, au walianza kukisia. Na pale ufukweni walikuwepo jamaa wa marehemu, wanasikiliza simu zao, wanasikia mtu akikisia kuhusu watu wao.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya dai la Mwalimu. Ukimpa mwanafunzi saa nyingi za mubashara kabla hajafunzwa kukusanya habari, utamzoeza kujaza muda. Kujaza muda ni ustadi rahisi kuupata na mgumu kuuacha. Binti wa Kongowea angekuwa amekwenda sokoni mwenyewe asubuhi ile, akauliza nazi zinatoka Kilifi au Kwale na kwa nini lori limechelewa, simu ingekatika naye angemalizia sentensi ya mwenzake.

#12 Kaskazi

Mama Mhariri, nakubaliana na mengi, lakini yule binti alikuwa mwongozaji wa kipindi. Mwongozaji hawezi kwenda kila mahali anakotuma ripota. Kuna namna ya kusema kwa utulivu kwamba tumempoteza mwenzetu, tutamrudia, na sasa tusikie mengine. Hiyo haihitaji kujua bei ya nazi. Inahitaji kuwa umeisema mara nyingi hadi ikatoka yenyewe.

#13 Mama_Mhariri

Inamwokoa kwa sekunde kumi, ndugu yangu. Baada ya hapo bado atahitaji cha kusema.

#14 TangaRaha

Salaam kutoka Tanga, jirani zenu. Huku kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV na redio yake chini ya shule yake ya uandishi wa habari, na wanafunzi hupata mazoezi katika chombo kinachosikika na umma. Naona umuhimu wa msikilizaji wa kweli. Spika ya mkahawani inasikilizwa na marafiki wa mtangazaji, ilhali redio inasikilizwa na dereva, mama lishe na mkuu wa wilaya, na yeyote kati yao anaweza kupiga simu kulalamika. Ila nawatahadharisha kwamba kituo cha chuo kisipokuwa na mhariri mkali huishia kuwa cha muziki na salamu, na wanafunzi huhitimu wakijua kuchekesha lakini hawajawahi kuandaa taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

#15 Msomaji_Nyali

Mfano mkubwa kuliko wote uko Marekani. Chuo Kikuu cha Missouri kilianzisha shule yake ya uandishi wa habari 1908, na tangu siku ya kwanza ya masomo wanafunzi walitoa gazeti la mji. Mwaka 1953 chuo kikafungua kituo cha televisheni, KOMU, ambacho hadi leo wanafunzi hufanya kazi ndani yake kama maripota na watayarishaji chini ya wahariri waliobobea. Serikali yetu ingetoa pesa kama serikali ya jimbo lile, tungekuwa na kituo kama hicho hapa Mombasa.

#16 Bint_Kizingo

Msomaji, rekebisha kidogo hapo mwisho. KOMU ni kituo cha biashara kilichoshirikiana na mtandao wa televisheni wa NBC, na hujiendesha kwa matangazo ya biashara kama vituo vingine. Hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba mwanafunzi anafanya kazi mbele ya soko halisi. Hasara ni kwamba tukiliiga hapa, mdhamini wa kwanza atakuwa kampuni ya kamari, na wa pili mwanasiasa. Nani atamruhusu mwanafunzi aripoti habari mbaya za mdhamini?

#17 Wakili_Treasury_Square

Nimekuwa nikisoma bila kuchangia, lakini naona sheria imepitiwa juujuu. Ukirusha kwa umma kupitia masafa, unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na unafungwa na kanuni zake za vipindi, pamoja na ile ya kuwakinga watoto kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Lakini kutokuwa na masafa hakukutoi kwenye sheria ya kashfa. Mwanafunzi akimtaja mtu kwa jina katika spika za uani na kumsingizia wizi, amemchafulia jina mbele ya hadhira, na chuo kinaweza kushtakiwa pamoja naye.

Pia tusisahau kwamba matangazo mubashara yana historia yake nchini. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilitaja mchango wa redio za lugha za mama katika uchochezi. Januari 30, 2018, serikali ilizima vituo vikubwa vya televisheni kwa sababu ya kuonyesha moja kwa moja hafla ya kuapishwa kwa Raila Odinga. Juni 25, 2025, Mamlaka iliagiza vituo viache kurusha maandamano mubashara, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Mwanafunzi anayesimama mbele ya kamera kwenye maandamano hapa Mwembe Tayari anapaswa kujua kwamba Kifungu cha 34 cha Katiba, cha uhuru wa vyombo vya habari, kinamlinda na kwamba Kifungu cha 33, cha uhuru wa kujieleza, kinamwekea mipaka, kwa kuwa hataweza kumpigia wakili simu katikati ya sentensi. Kwa sababu hiyo naunga mkono idara ya Mwalimu: nadharia itangulie.

#18 FundiMitambo

Wakili, upo mtambo wa kuchelewesha sauti kwa ajili hiyohiyo. Kipindi hutoka studioni na kukaa kwenye kumbukumbu ya mtambo kwa sekunde kadhaa kabla ya kufika kwenye mlingoti. Mpiga simu akitukana, mtayarishaji hubonyeza kitufe na sekunde zile hutupwa. Programu za kompyuta zinazofanya hivyo zipo, na chuo kinaweza kuzitumia hata kwa spika za uani. Jambo moja tu: mtangazaji asisikilize sauti iliyocheleweshwa, la sivyo tutarudi kwenye ugonjwa wa #2.

#19 Kaskazi

Nina shaka na kitufe hicho katika mafunzo. Mwanafunzi akijua kuna mtu nyuma ya kioo atakayemfutia, umemrudishia ule uhuru wa kufuta ambao Mzee wa Makadara aliulalamikia, na safari hii nipo upande wa mzee.

#20 Mzee_wa_Makadara

Alhamdulillahi. Kaskazi imegeuka kusi.

#21 Nahodha_Likoni

Mbona mnazunguka mbali ilhali dawa ipo uwanjani Mbaraki? Timu ya Bandari ikicheza nyumbani, wapelekeni wanafunzi na simu na kipaza sauti kimoja, watangaze dakika 90 mfululizo, wawili kwa kupokezana. Hakuna karatasi itakayowasaidia, mpira hausubiri mtu, na mashabiki wa jukwaani watawasahihisha wakikosea jina la mchezaji. Mambo yote mliyoyataja yamo humo: Kiswahili cha papo hapo, kuijua habari kabla ya kufika, kelele masikioni, na kutopata nafasi ya kurudia.

#22 Bint_Kizingo

Nahodha, wewe hata uzi wa bei ya samaki ungeufikisha Mbaraki. Nalipenda wazo lako, ila mpira humpa mtangazaji maneno kwa sababu kila sekunde kitu kinatokea. Mtihani mgumu zaidi ni kikao cha Bunge la Kaunti ambacho kwa saa nzima wanajadili utaratibu, na studio inakuita uwaeleze wasikilizaji kinachoendelea. Waanze Mbaraki, kisha wapande ngazi hadi huko.

#23 Mwanafunzi_Changamwe

Nina swali ambalo hamjalijibu. Wengi wetu tunakwenda mubashara kwenye TikTok na Facebook usiku, saa nzima au zaidi, bila karatasi, bila kukwama, tena kwa Kiswahili fasaha cha hapahapa. Kama tatizo lingekuwa lugha, tungekwama huko pia. Kama lingekuwa sauti inayorudi, simu zetu ni mbovu kuliko studio. Kama lingekuwa mazoea ya kurekodi, basi kizazi chetu ndicho kilichozoea mubashara kuliko chochote kilichotangulia. Kwa hiyo kuna nini ndani ya chumba kile cha kioo?

#24 Mama_Mhariri

Swali zuri sana, mwanangu, na linanifikirisha. Jibu langu la haraka ni kwamba kwenye simu yako hakuna saa wala ahadi. Ukinyamaza, watu wanaandika maoni na unayasoma, kwa hiyo ukimya wenu mnaujaza pamoja. Hakuna anayekudai kwamba saa saba kamili uwe umemaliza, wala kwamba ulichosema kiwe kweli. Studioni unadaiwa vyote viwili kwa pamoja.

#25 TangaRaha

Mimi naona ni sauti. Kwenye simu anazungumza kama yeye, na studioni anamwigiza mtangazaji aliyemsikia utotoni. Mwigizaji akisahau maneno ya tamthilia hana pa kuangukia.

#26 Mwalimu_wa_Tudor

Nimerudi na habari. Baada ya kuwasoma, tulifanya zoezi jipya. Nilipanga na mpiga simu akate katikati ya sentensi bila mtangazaji kujua, madirisha yamefungwa, nami nikiwa uani bila kalamu. Kila mtangazaji alikuwa na asubuhi nzima ya kuitafiti habari yake, na nusu yao walitakiwa waandike madondoo kwa Kiswahili.

Matokeo hayakumpa ushindi yeyote kati yenu. Kijana mmoja aliyeijua habari yake barabara alikwama kabisa. Mwingine, ambaye utafiti wake ulikuwa hafifu, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mwenzangu amepotea kidogo, na kabla hajarudi nikuelezeni tulikofikia," kisha akaeleza mambo mawili tu aliyokuwa na hakika nayo, akasimama, akaweka wimbo. Alipotoka nilimuuliza alijifunza wapi, akaniambia kwamba shangazi yake ni msomaji wa risala za harusi huko Kisauni, na tangu utotoni amemwona akiokoa shughuli kipaza sauti kinapozimika. Binti wa Kongowea naye alijaribu tena. Safari hii hakurudi kwenye muhtasari. Alinyamaza, akavuta pumzi iliyosikika hadi mkahawani, akaendelea na habari iliyofuata bila kueleza kilichotokea. Kwangu hiyo ni hatua, ingawa msikilizaji aliachwa gizani kuhusu nazi.

Sasa nina swali la pili, na nitalifuata mtakavyonishauri. Katika zoezi lijalo, nimwambie mwanafunzi kwamba kuna jambo litaharibika bila kumwambia ni lipi, au nisimwambie kabisa?

#27 Kaskazi

Usimwambie. Akijua, atakaa akisubiri ajali badala ya kusikiliza.

#28 Mwanafunzi_Changamwe

Mwambie, mwalimu, tafadhali. Mara chache za kwanza mwambie, na baadaye uache. Mtu anaweza kuizoea hofu bila kuingia mtegoni.

#29 Mama_Mhariri

Ripota wangu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba gari litateleza kutoka feri. Lakini kwa wa mwaka wa kwanza nakubaliana na mwanangu wa Changamwe.

#30 Wakili_Treasury_Square

Vyovyote mtakavyoamua, mpiga simu aambiwe mapema kwamba anarushwa hewani na kwamba anarekodiwa, na akubali. Akiwa ni mfanyabiashara wa kweli wa Kongowea na si mwanafunzi, pata kibali chake kabla hujaunganisha laini.

#31 FundiMitambo

Nami nitapita chuoni Jumamosi asubuhi, mwalimu, tutenganishe njia za sauti kwenye hiyo mikisa. Niandalie waya ndefu, na ngazi ya kuishusha ile spika ya uani.